Ubao wa Luhende

Kiwandani walimwita Mama Hasara, naye alikuwa akicheka. Gwantwa akitokea na daftari kwapani, ujue kuna rangi imekataa kufanana na sampuli. Kazi yake ni kukadiria: kuirudisha rangi hiyo kwenye mashine kutakula unga wa rangi kiasi gani, umeme, saa za vibarua, makopo mapya. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja hapa Tunduma.

Siku hizi hacheki. Wenzake wanasema amerogwa, na mimi upuuzi huo siuwezi, kwa hiyo acha niseme kilichotokea, kama alivyonisimulia mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita, msimu wa mvua, mchanganyaji wetu Luhende, mtu wa Kamsamba, alitoa mapipa ishirini ya bluu ya kanisa moja la Mbebe. Lori lilishafika getini. Gwantwa akapaka rangi kwenye ubao, akaulinganisha na sampuli, akaona imepauka. Sasa, kila mtu wa kazi hii anajua kwamba rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, ikikauka hukolea. Gwantwa alijua kuliko wote. Ila kwa baridi ya siku ile ubao ungekauka kesho yake, na meneja alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa.

"Dada, subiri ubao ukauke," Luhende alisema. Hakuomba zaidi ya hapo.

Gwantwa hakusubiri. Aliandika hasara ya milioni moja na laki nne, na kwenye nafasi ya msababishaji akaandika Luhende. Jioni ileile mwenzetu alifukuzwa, na mshahara wake wa mwezi ukazuiwa kufidia hasara.

Asubuhi yake Gwantwa alikuta ubao umekauka. Aliuweka juu ya sampuli, asione tofauti. Aliogopa, jamani, aliogopa kupoteza kazi kuliko alivyomwogopa Mungu. Akauviringishia kitenge, akaufungia kabatini, akanyamaza. Bluu iliyorudiwa ilikwenda Mbebe imekolea mno, na lawama ikamfuata Luhende hukohuko kwao. Akienda Ileje kusalimia wazazi, Gwantwa hulipita njiani kanisa lile ameinamisha uso.

Mwaka jana tukasikia Luhende amefariki kwa malaria. Tangu hapo, kila anaposhika kalamu, Gwantwa husikia mtu nyuma yake akisema, bila kupaza sauti, subiri ubao ukauke. Akigeuka anakuta ukuta.

Wiki iliyopita alikuja Stamili, mjane wa Luhende, kufuatilia mshahara ule.

"Pole na safari, mama," Gwantwa alisema.

"Asante, dada. Wewe ndiye Gwantwa?"

"Ni mimi."

"Marehemu alikutaja sana. Alisema, Gwantwa anajua rangi, ubao ukikauka atanipigia." Stamili alitabasamu kidogo. "Simu hakuizima hata siku moja. Mpaka anaumwa, alilala nayo kifuani."

Gwantwa alifungua kabati. Alimwekea Stamili ubao mapajani, akaondoa kitenge. Stamili aliipapasa bluu ile kwa kidole, taratibu.

"Ulikauka lini?"

Gwantwa alitaka kusema juzi. Alingoja ile sauti ya nyuma yake imsaidie, haikuja. Stamili alikuwa bado anamtazama.

"Kesho yake," alisema.