Nyasi za Kumfundisha Mzee Kutembea

Sisi watu wa huku hatupandi nyasi. Nyasi tunazing'oa kwenye majani chai, tunazikata za ng'ombe, basi. Kwa hiyo jirani yangu aliponikuta mwaka jana nimeinama mbele ya nyumba, ninamwaga mbegu na kuzifunika kwa reki, alisimama kwenye ua akashika kiuno.

"Mama, hiyo ni wimbi?"

"Ni nyasi."

"Ya ng'ombe?"

"Ya mzee," nikamjibu.

Alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka.

Mzee ni mume wangu. Alikuwa ametoka hospitali ya Longisa, kiharusi kimemlaza upande wote wa kulia. Maneno nayo yalimpotea, akabaki na "eeh" na "a-a". Na huyu ni mtu aliyechuma chai tangu ujana wake, mtu wa kupanda mteremko wetu na kapu limejaa mgongoni huku anapiga mluzi. Sasa nilimwinua kitandani kama mtoto, magoti yangu yenyewe yakinilia. Dada wa mazoezi pale hospitali alikuwa ametuambia wazi: mguu ukizoezwa mapema unaweza kurudi, ukiachwa tu utasahau kazi yake. Mtembezeni bila viatu mahali laini, akasema, kwenye nyasi.

Mahali laini! Uwanja wetu ni udongo mwekundu, na mvua ya mchana ikishapiga hata kuku anateleza. Mara ya kwanza nilipomtoa nje tulianguka wote wawili, tukalala pale kwenye tope tukiangalia mawingu mpaka jirani akaja kutuokota.

Ningepanda zile nyasi za kutambaa zilizojaa kando ya barabara. Nilimletea mzee kitita nimwonyeshe, akatikisa kichwa kwa nguvu, "A-a! A-a!" Maisha yake yote amepigana na nyasi hizo zisiingie kwenye chai yake, na sasa mkewe anazileta mlangoni. Haya, nikasema, kama ni hivyo tutapanda za mbegu, zile za kukaa mahali pamoja kwa adabu.

Siku ya soko nikapanda gari hadi Mulot. Nikamwambia muuzaji nataka mbegu ya nyasi, ile nzuri. Akaniuliza, "Uko na ng'ombe ngapi, mama?" Na mimi, binti wa watu wa maziwa, nikamjibu kifua mbele: watatu, wote wa gredi, wa maziwa mengi. Akanipimia. Habari ya mzee wala ya miguu yake sikuitaja. Wee, mdomo wangu huu!

Mbegu za kwanza zilikwenda na mvua ya mawe. Nilisimama mlangoni nikiziona zinateremka na maji kuelekea kwenye chai, na ningefanya nini, niyakimbize maji? Nikamwaga zilizobaki. Kuku wakafukua, nikazungushia matawi ya miiba. Jirani akaniambia subira huvuta heri. Nikamwambia basi aivute yeye, mimi mikono imechoka.

Kila asubuhi nilimsogeza mzee mlangoni, nikampaka mafuta mguu ule na kuukanda. "Sukuma, baba. Nisukume kidogo tu." Alikaza uso mpaka jasho likamtoka, na kidole hakikutikisika. Mguu ulikuwa unakonda mikononi mwangu. Niliangalia mguu, nikaangalia udongo mtupu, nikaogopa sana.

Halafu zikatoka! Asubuhi moja uwanja ulikuwa na rangi ya kijani, nyembamba tu, lakini ya kijani. Nilipiga kigelegele peke yangu. Mzee alicheka kwa ule upande wa mdomo ulio mzima, akasema, "Eeh! Eeh!" Tulingoja zishike mizizi, tusije tukazikanyaga zikafa.

Nyasi zikafika kwenye kifundo cha mguu. Zikafika magotini. Nikazifyeka, zikarudi zimejikusanya mafungu mafungu, magumu, na katikati ya fungu na fungu ni udongo uleule wa kuteleza. Jirani akaja, akang'oa shina, akaliangalia kwa muda. Safari hii hakucheka.

"Mama," akasema polepole, "hii ni ile ya kukausha. Ni ya ng'ombe."

Nilitupa fyekeo. Nililia mbele yake bila haya, nikajitukana, nikamtukana muuzaji ambaye hakuwa amekosa lolote. Nianze upya? Nisubiri mvua nyingine? Mguu ungenisubiri?

"Tumtoe tu," nikasema. "Leo leo."

Tukamshika huku na huku, tukamvua viatu. Mguu wa kushoto ulikanyaga. Wa kulia tuliuburuta, ukanasa kwenye fungu la nyasi, ukabaki hapo umepinda. Hakujua hata umenasa. Tukajaribu tena, na tena, mpaka akaanza kuhema, tukamketisha palepale, nyasi zikimfika kifuani. Nikaketi kando yake.

Nikasikia pu, pu, pu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakata ncha za nyasi, vile vichwa laini vya juu tu, haraka, kwa kidole gumba na cha shahada. Kiganja kikijaa anarusha nyuma ya bega. Anakata, anarusha. Mgongoni hakukuwa na kitu, ncha zilianguka chini.

Jirani aligeuza uso. Mimi nilitaka kusema, mzee, hiyo si chai. Haki ya Mungu, nilishindwa. Niliingia ndani, nikalitoa kapu lake nyuma ya mlango, nikapangusa vumbi, nikaliweka nyuma yake. Hakugeuka. Alichuma mpaka jua likainama, na nyingi ziliingia.

Kapu lilipojaa alisimamisha mkono. Akaniangalia, akaangalia njia ya kwenda kituo cha kununulia majani chai, kama mtu anayejua gari linakaribia kuondoka.

"Eeh," akasema, akaninyooshea mkono.

Nilimshika kwapani, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakuinuka.