Mabati Yasiyo na Tundu

Mimi ni mtu wa hasira, niliseme mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine. Jikoni kwenye shule ninakopika posho, yaani ugali, na maharage, hapa Ediofe pembeni mwa mji wa Arua, wenzangu husema nikinyamaza ndipo chakula kinaungua. Nimegombana na wauza kuni, na wasagaji wa mahindi, na mwanamume niliyezaa naye mpaka akachoka akavuka mpaka wa Kongo kule Vurra na hakurudi. Magomvi yote hayo nimeyasahau. Ule wa mabati sijausahau, kwa sababu ule alilipa mama yangu.

Mama alikuwa akiishi Dranya, upande wa Koboko, kwenye boma la baba yangu aliyekufa zamani. Wakati wa vita vilivyopiga huku kwetu zamani alikimbilia Sudan akiwa na mimi mgongoni, akakaa huko miaka, na aliporudi alikuja na mabati manane aliyoyang'oa kwenye kibanda cha kambini. Kila bati lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Akayaezeka hivyo hivyo. Mvua ya kwanza iliponyesha tulihamisha kitanda mara nne, na majirani wakapita asubuhi kuuliza kama tumeoga ndani. Mama alicheka nao, lakini neno lile lilimkaa. Mabati yakaliwa na kutu, yakaisha, akarudi kwenye nyasi. Nilipoanza kupata mshahara nikamwambia nitamjengea nyumba ya mabati. Akaniambia sawa, lakini yasiwe na tundu hata moja, maana hataki tena kuulizwa kama ameoga.

Nikaanza kununua. Kila muhula wa shule ukiisha naenda dukani Arua mjini, nachukua bati moja, muhula mzuri mawili, mazito, si yale unayoweza kuyakunja kwa goti. Ilichukua miaka mpaka yakafika kumi na manane. Nyumba yangu hapa Ediofe ni chumba kimoja cha nyasi, kitanda kimeshakijaza, na kitu kama bati ukikiacha nje chini asubuhi hukikuti. Kwa hiyo nikasimamisha nguzo sita nyuma ya nyumba, nikayapanga juu yake yawe kivuli cha jiko langu. Sikupiga msumari. Ukipiga msumari umetoboa, na mimi nilikuwa nimeahidi. Nikayakandamiza kwa mawe na matairi mawili ya baiskeli. Watu waliniambia. Fundi mmoja aliyekuwa akipita alisimama akatazama juu, akaniambia mama, hii utakuja kuikimbiza barabarani. Nikamwambia aende akakimbize mambo ya kwake. Si mimi pekee, wengi hapa huwa wanaweka mawe kama wana nia ya kuhama, na mwaka baada ya mwaka hakuna kinachotokea. Basi unaona ni kawaida.

Ng'ambo ya ua wa mianzi aliishi jirani yangu, mama wa Sudan Kusini, mjane mwenye watoto watatu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, juu kafunika turubai, na juu ya turubai kafunga sola. Sola ile ndiyo ilikuwa shamba lake. Watu wa bodaboda walimletea simu kuchaji tangu asubuhi, naye akazipanga juu ya meza, kila moja na kipande chake cha karatasi. Tulipendana, sitasema uongo. Jioni nyingi tulikaa pamoja tukibambua njugu, yeye akinisimulia mji wao wa Yei, mimi nikimsimulia jinsi mama yangu alivyokaa huko kwao. Alikuwa mpole kuliko mimi, na hilo si kazi ngumu.

Upepo ulikuja Machi, mchana, kabla ya mvua ya kwanza. Nilikuwa kazini, nikaona vumbi jekundu limesimama juu ya kanisa kuu na watoto wa shule wanakimbilia madarasani. Niliacha mwiko ndani ya posho nikakimbia na aproni yangu. Nilipofika, nguzo zangu sita zilikuwa zimesimama uchi. Mawe yalikuwa yameanguka palepale chini, hayakwenda popote. Mabati yalikuwa kwa jirani. Moja lilikuwa limechana turubai kuanzia huku hadi kule, jingine limeikata sola katikati, mengine yamelala kwenye ua na njia. Watoto wake walikuwa chini ya kitanda, hawakuumia, Mungu asifiwe. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na waya mkononi. Nami, badala ya kumwangalia yeye, nilianza kukusanya mabati yangu na kuyahesabu. Mawili tu yalikuwa yamekunjika. Nilishukuru kwa sauti, na yeye alinisikia.

Siku ya tatu akaja na chai kwenye birika, akakaa, akauliza hali ya mama yangu. Kisha akasema taratibu:

"Mama, upepo hapana mikono, mimi najua. Lakini bati iko yako. Nipe sita, nifunike nyumba, hiyo sola nitatafuta pole pole. Mambo iishe hapa kwetu."

Sita. Leo nikikumbuka nataka kujipiga. Ningempa sita, mama angebaki na ya kutosha upande wa chumba cha kulala, na upande wa pili tungeweka nyasi. Lakini nilisikia neno sita nikaona miaka yangu jikoni ikitembea kwenda ng'ambo ya ua. Nikamwambia upepo hauna mwenyewe, aende akamshitaki Mungu. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akachukua birika, akaondoka. Hasira hasara, wahenga hawakuwa wajinga.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Tukakaa Jumapili baada ya misa, barazani kwake, jirani yangu upande mmoja wa benchi na watu wake, mimi upande wa pili na mdomo wangu. Nilijieleza vizuri mwanzoni. Nilisema upepo umetupiga sote, kwamba hata paa la soko limeng'oka na hakuna aliyeambiwa alipe. Nilisema yale mabati hayakuwa paa, yalikuwa mali ya mama yangu, yamewekwa tu. Wazee wawili walitikisa kichwa kunikubalia. Mwenyekiti akaniuliza kama nilipiga misumari. Nikamweleza habari ya tundu, ya kuoga ndani, yote. Watu walicheka kidogo, hata mimi nilicheka. Nilidhani nimeshinda.

Ndipo jirani yangu akasimama akasema watoto wake wanalala kwa zamu kwenye kona isiyochanika, na mimi sijaenda hata kuwaangalia. Ilikuwa kweli, na kweli ikinichoma mimi huwa nabweka. Nikasema, mbele ya watu wote, kama hapendi upepo wa Arua arudi kwao.

Jirani yangu alinitazama bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mama yako alikaa kwetu," akasema. "Wewe mwenyewe uliniambia. Hapana mutu alimwambia arudi."

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Nikatazama wale wazee wawili walionikubalia, wakawa wanaangalia viatu vyao, maana nusu ya watu waliokaa pale walilelewa Sudan au Kongo, na wanajua walikula cha nani. Kama kulikuwa na mlango wa kutokea, niliufunga mwenyewe.

Mwenyekiti alizungumza mwisho, na hakupandisha sauti.

"Upepo iko ya Mungu, hiyo sikatai. Mutu akipiga musumari na upepo ikang'oa, tunasema ni Mungu, kila mutu abebe yake. Lakini mutu akiweka jiwe, hiyo jiwe ni yake. Wewe ulijua upepo itakuja, ukasema ngoja."

Akaamua mabati kumi na manne yaende ng'ambo. Mengine afunikie nyumba, mengine auze apate sola. Mimi nikabaki na manne, mawili yakiwa yale yaliyokunjika. Nilisema nitakwenda mahakamani Arua, na nilikwenda kweli, nikakaa kwenye foleni nusu siku. Karani akaniuliza kama nina risiti za mabati. Nilikuwa nazo zote, ndani ya mfuko wa plastiki. Akazisoma, akaniambia zinaonyesha kwamba mabati ni yangu, na hilo hakuna anayebisha. Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Fundi aliyeezeka kwa jirani alikuwa yule yule aliyenionya. Nilikaa mlangoni kwangu siku nzima nikisikiliza nyundo. Kila msumari niliusikia. Sikulia mpaka alipomaliza.

Kumwambia mama nilichelewesha hadi likizo ya Mei. Nilimkuta Dranya, mvua zimeshashika, paa lake la nyasi limeinama upande mmoja, na sufuria mbili ziko chini zinakinga. Alikuwa anakohoa. Nilimweleza yote, hata lile neno la kurudi kwao nililolisema, kwa sababu sikutaka alisikie sokoni. Aliposikia hilo aligeuza uso ukutani. Nilisubiri anitukane. Kisha akaniuliza kuhusu nyumba ya yule mama.

"Haivuji?"

"Haivuji, mama."

"Basi yalikuwa mabati mazuri," akasema.

Nilimwambia nitaanza upya. Nilimpigia hesabu za mihula kwa vidole, naye akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mtoto. Tukapanda juu mimi na binamu yangu, tukaziba kwa nyasi na yale mabati manne. Yaliyokunjika tuliyaponda kwa nyundo yakanyooka nusu, na katika kuponda yakapasuka. Kwa hiyo mama alipata matundu yake tena.

Agosti kifua kilimzidi. Tulimpeleka Koboko hospitalini akatoka, tukampeleka tena akarudi amefunikwa. Sisemi nyasi zilimuua. Daktari hakusema hivyo, na mama alikuwa mzee. Lakini nililala chumbani kwake wiki ile ya mwisho nyumbani, na ninajua shuka lake lilikuwa na unyevu namna gani.

Kwetu mwanamke aliyeolewa akifa, kaburi halichimbwi mpaka ndugu zake wa kuzaliwa wafike. Wanasimama ukingoni mwa boma, hawakai, hawanywi maji, mpaka wameuliza na wamejibiwa. Wajomba zangu walikuwa wamebaki wawili. Walifika asubuhi wameloa, wakasimama. Jirani yangu alikuwa amekuja pia, amepanda gari mpaka Koboko na bodaboda mpaka Dranya, ameleta sukari na majani ya chai, na alikuwa amekaa na akina mama wanaolia. Nilimwona. Sikuweza kumsogelea.

Mjomba mkubwa aliuliza nani alikuwa anamtazama dada yao. Wakaninyooshea kidole. Akauliza kama nina kazi. Nikasema ninayo, mjini, mwaka wa kumi na tatu sasa. Akaitazama ile nyumba polepole, kutoka mlangoni hadi kileleni.

"Na dada yetu alilala chini ya nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na upepo, na mwenyekiti, na risiti ndani ya mfuko wa plastiki. Niliangalia kule kwa akina mama, nikaona jirani yangu ameinamisha kichwa ingawa lugha yetu haijui. Mara ya kwanza maishani mwangu mdomo haukufunguka kwa hasira.

"Nyasi," nikasema.

Wajomba walinong'ona. Walikubali kaburi lichimbwe, maana mvua ilikuwa inakuja na maiti haisubiri. Lakini walikataa kula. Chakula nilichokipika kwa mikono hii, mimi ninayelisha watoto wa shule nzima, walikiacha kimefunikwa, wakamzika dada yao na wakaondoka na njaa. Kwetu wajomba wakikataa chakula chako, humalizi deni hilo kwa kitu chochote. Wote wawili hawajanijibu simu hadi leo.

Nimerudi Ediofe, napika. Nguzo sita bado zimesimama nyuma ya nyumba, sijazing'oa, watoto wa jirani wanaanikia nguo. Sinunui mabati tena. Ya kumjengea nani?

Juzi mvua ilinyesha saa za mchana, kubwa, na mimi sikuwa na maji ndani. Maji ya paa la nyasi yanatoka mekundu kama chai, hayafai hata kwa maharage. Jirani yangu amefunga mfereji mpya kwenye paa lake, maji yanashuka meupe. Akaniita kupitia ua, akisema mama, leta ndoo. Nikachukua ndoo, nikapita kwenye mwanya wa mianzi, nikasimama ukutani kwake, chini ya mabati ya mama yangu, nikakinga mpaka ikajaa.