Mstari Nilioufuta Kebirigo

Sijui kama nafaa kuandika haya, maana nikikumbuka masikio bado yanawaka, lakini kosa lilikuwa langu na haki isemwe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa kibarua kwenye duka la kompyuta la Bwana Jayanti mjini Kisii (nina kidato cha nne tu, lugha ya C, ya kuandikia programu, nilijifunza kwenye kitabu kilichokosa jalada), naye alikuwa ameahidi kuniajiri rasmi nikifaulu kuonyesha programu ya majaribio pale kituo cha majani chai Kebirigo. Programu hiyo ilianzisha nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda pamoja ndani ya programu moja, mmoja ujumlishe kilo za majani, mwingine uandike majina ya wakulima, tena programu ikubali kwenye mashine yoyote. Dukani ilikwenda vizuri. Kebirigo mashine ilikuwa ya aina nyingine, nikabadilisha amri za kuanzisha nyuzi, zikakubali, ila mstari wa mwisho, ule wa kungoja mtu abonyeze kitufe, ukakataliwa, nami nikaufuta.

Kemunto, karani wa pale, akaniuliza, "Una hakika mstari huo hauna kazi?"

"Pambo tu huo."

Wakulima wakajaa ukumbini, Bwana Jayanti akaketi mbele, mzee mwenyekiti akaiombea mashine sala ndefu, tukasema amina, nikabonyeza. Kimya. Nikarudia mara nne, hakuna kilo, hakuna jina.

"Fundi, maombi yamekuwa marefu kuliko kazi yako!" mama mmoja akapaza sauti, watu wakavunjika mbavu.

Bwana Jayanti akamgeukia Kemunto. "Mashine yenu iko mbovu. Nani naangalia hii?"

Kemunto akainama. Ningenyamaza, ajira ningeipata (na kusema kweli nilishawishika). Halafu nikasimama.

"Mashine ni nzima, bwana. Ule mstari nilioufuta ndio uliokuwa ukizipa nyuzi muda. Sasa programu inatuma wachumaji wawili, halafu inafunga lango kabla hawajagusa jani."

"Basi ajira pia ngoja," akasema, akatoka.

Sikutoka. Nilikaa pale mpaka nikaweka amri ya kungojea kila uzi umalize, na kilo zikatoka pamoja na majina, ingawa ukumbini tulibaki mimi na Kemunto peke yetu.

Ajira sikuipata mwaka ule. Lakini nimeapa, mstari nisioujua kazi yake siugusi, na mtu akiniuliza kama nina hakika, nitaketi chini nitafute jibu kabla ya kufungua mdomo.