Pimbi wa Mwezi wa Tano

Koti la manyoya la madam linanuka kama pimbi. Nimelipiga brashi tangu asubuhi hapa kazini kwake Al-Hamra, mbali na kwetu, mikono imechoka, na bado naona haliko sawa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitega pimbi mwezi wa saba tu, baridi ikishayakomaza manyoya, ili mama amshonee mtoto mchanga blanketi. Mimi nikatega mwezi wa tano, nimtangulie, nisifiwe.

Baba alimchuna pimbi wangu, akapapasa ngozi. Nywele zikambakia vidoleni.

“Mtego hauna kasoro,” akasema. “Mwezi ndio umekosea.”

Nikaketi na uji mzito, nikizigandisha nywele kwenye ngozi, moja moja.

“Wacha, mama,” baba akaniambia. “Hata ukizirudisha zote, pimbi ameshakufa.”