Kaa Mfalme wa Bahari Kuu

Ahimidiwe Mungu, aliyeweka uhai hata mahali ambapo jua halifiki.

Kila ninaponusa dawa ya nondo kwenye nguo za mitumba, mawazo yangu hurudi Kilosa, asubuhi ile baba alipofungua belo letu la kwanza. Shamba la mkonge lililomwajiri lilikuwa limefungwa, naye alitaka tuhamie Mikumi, jirani na mbuga ya wanyama, tukauze nguo kando ya barabara kuu. Mama alikataa.

"Kwa tembo? Nenda mwenyewe, baba watoto. Tutakula nini huko?"

Katikati ya makoti tulikuta ukurasa laini wa gazeti la nje, wenye picha ya kaa mwekundu, miiba mwili mzima, miguu mirefu kama ya buibui. Baba alitutafsiria polepole: huyu ni kaa mfalme, huishi chini kabisa ya bahari, kwenye baridi na giza, akitembea juu ya tope.

"Mwongo wewe!" mama alicheka. "Giza lote hilo, anaonaje?"

"Anapapasa."

"Na chakula?"

"Samaki wakifa juu, humdondokea."

Mama aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaitazama mpaka uji uliokuwa jikoni ukaanza kuungua. Kisha akasema taratibu, "Kumbe Mungu ana jiko hata huko."

Akaanza kukunja makoti.

"Funga belo, twende. Lakini tembo akibisha hodi, wewe ndiye utakayetoka kumwamkia."

Nawe usomaye, Mungu akutangulizie riziki mahali unapopaogopa.