Msitu Uliotaka Kusalimiwa

Sifa ni zako, Bwana, uliyeotesha miti kabla hujamuumba mtu wa kupumzika kivulini, ukanipa umri wa kuona kazi ya mjukuu wangu.

Mjukuu wangu ni mwalimu hapa Gitega. Hubuni michezo ya mezani: watu watano huketi, kila mmoja huwa mtu fulani katika hadithi, husema anafanya nini, kisha hutupa dadu kuona kama amefaulu. Yeye huiongoza hadithi. Safari hii mhusika wake mkuu alikuwa msitu wenye akili, unaosikia na kukumbuka. Vijana wa parokia moja ya Muyinga walikubali kuujaribu mchezo huo. Wakiupenda, ungebaki kwao likizo nzima. Wasipoupenda, ungerudi nyumbani kama michezo yake miwili iliyotangulia.

Wiki moja kabla ya safari ya Muyinga alinijia amekunja uso.

"Babu, walimu wenzangu wameumaliza msitu kwa nusu saa. Unanguruma, unarusha matawi, wao wanakata tu."

"Hata mimi ningeukata. Huo si msitu wenye akili, ni mbwa wa jirani."

Akacheka, akafungua daftari.

Nimekuwa katekista miaka mingi, kwa hiyo nilianza na sharti: msitu usiabudiwe. Mchezaji akiuletea mbuzi wa sadaka, ujibu, "Mpelekee aliyeniumba." Kisha nikamsimulia tuliporudi kwetu Bugendana kutoka Tanzania. Mimi niliyekulia ugenini niliingia uani kwa mzee jirani na panga mkononi, nikauliza njia ya mtoni. Hakunijibu. Mke wangu akanivuta shati: panga huachwa mlangoni, unasalimu, unasema u mtoto wa nani, ndipo unaeleza shida yako.

"Msitu wako uwe yule mzee," nikamwambia.

Tuliandika majibu yake siku tatu. Mengi niliyafuta, maana mzee hasemi sana.

Kule Muyinga, nilikomsindikiza, wachezaji walisema wanaingia msituni kumtafutia mtoto mgonjwa dawa, mapanga mkononi. Msitu kimya. Wakatupa dadu, wakapata namba za juu. Kimya.

"Huu msitu iko kiziwi ama?" akauliza fundi baiskeli mmoja.

"We ndo unapiga kelele kama uko mnadani," mwenzake akamjibu.

Wawili wakatoa simu zao. Mjukuu wangu akanitazama. Nikatikisa kichwa: asiwasaidie.

Ndipo dada mmoja mshonaji akaegemea meza.

"Ngoja. Mi naacha panga hapa njiani. Amahoro, mzee. Mi ni mtoto wa mfinyanzi wa Itaba. Tuko na mgonjwa nyumbani."

Mjukuu wangu akashusha sauti, akawa msitu.

"Amahoro, binti. Baba yako alichimba udongo kando ya mizizi yangu, akalifukia shimo. Karibu. Na hawa wenzako, hawana kwao?"

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Fundi baiskeli akaanza kutaja ukoo wake mpaka babu wa tatu.

"Na panga?" wakamzomea.

Akainama upesi, akaliweka sakafuni panga ambalo hakuwa nalo.

Walicheza hadi kengele ya misa ya jioni. Kiongozi wao hakutuuliza chochote. Alikusanya dadu na karatasi, akafungia kila kitu kabatini mwa parokia.

"Hii inabaki," akasema.

Mjukuu wangu alilia, nami nilijivuna. Kama nilizidisha, Mungu anisamehe.

Nawe uliyesoma, Bwana akulinde wewe na wanao, akujalie siku ya kuona kazi ya mikono yao ikipokelewa kwa furaha.