Mshale Uliorudishwa Sifuri

Gerejini walimwita Kauli Moja, kwa sababu akishatamka ugonjwa wa gari, hata gari lenyewe lilibidi likubali. Alikuwa na miaka thelathini katika kazi hiyo, kichwa kigumu na mkono mwepesi, na ukweli usemwe: mara nyingi alipatia. Siku akikosea alikuwa hajui afanye nini, maana hakuwa na mazoea. Wenzake walimheshimu, na yeye alijiheshimu kuwapita.

Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa mwalimu wa udereva siku za kazi, na Jumapili moja moja alishindana mbio za magari za kupanda mlima. Mjomba ndiye aliyemfundisha kushika usukani, na hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa injini ya kile kigari chake cheupe. Msimu huo binti alitaka nguvu zaidi, wakakubaliana kuweka kemshafti ya mashindano. Kemshafti ni chuma kirefu chenye vinundu vinavyosukuma valvu, vile vilango vya hewa vya injini, zifunguke. Ile ya mashindano ina vinundu vilivyoinuka zaidi, kwa hiyo valvu hufunguka sana na injini huvuta hewa ya kushiba.

Kwenye duka la spea, mama muuzaji aliiweka kemshafti kauntani, kisha akaanza kuulizia vya kwenda nayo. Cheni mpya ya taimingi? Fundi akachukua. Gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini? Akachukua. Na springi za valvu? Kauli Moja akasema zilizomo zinatosha. Mama akamweleza taratibu kwamba springi ndizo zinazoirudisha valvu mahali pake, na kemshafti hiyo inataka ngumu kuliko za kiwandani. Akauliza tena, na mara ya tatu akazitoa rafuni kabisa na kuziweka mbele yake.

"Mama, mimi nilikuwa nafungua hedi wewe bado unauza madaftari," fundi akasema. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Mama akazirudisha rafuni.

Msidhani hakuzipima zile za zamani. Alizipanga zote nane juu ya kipande cha kioo, akainama mpaka jicho likawa usawa wa vichwa vyake, akaona zimelingana kimo. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha. Lakini kimo huonyesha kama springi imechoka, hakionyeshi kama inaiweza kazi mpya. Hilo naye alilijua. Ila kauli ilikwisha kutoka dukani mbele za watu, na Kauli Moja si mtu wa kurudi kaunta ile ile kuomba kile alichokikataa. Akazifunga zile zile, akamwambia mpwa wake akanyage mpaka mizunguko elfu saba kwa dakika bila wasiwasi.

Jumapili gari lilipanda vizuri hadi kona ya tatu kutoka kileleni. Hapo injini ikalia kama sufuria iliyodondoka sakafuni, ikanyamaza. Mafundi na watazamaji wakakimbilia pale. Kabla hata boneti haijafunguliwa, Kauli Moja akawatangazia kwamba dereva amekosea gia, alitaka ya nne akaingiza ya pili, injini ikazungushwa kupita kiasi. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Binti alikuwa bado ameketi ndani, helmeti kichwani, mikono juu ya usukani.

Kesho yake gari lilivutwa hadi gerejini. Sasa, kwenye mita ya mizunguko kulikuwa na mshale wa pili, mwekundu, ambao hubaki pale mizunguko ilipofika juu kabisa mpaka mtu abonyeze kitufe. Fundi aliingia kiti cha dereva akautazama. Ulisimama elfu sita na mia nane. Aliyekosea gia namna ile angeufikisha elfu tisa. Springi zilishindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, pistoni ikapanda ikazikuta bado ziko wazi. Kosa lilikuwa lake, kuanzia kaunta mpaka mlimani. Akaangalia huku na huku, hakuna aliyekuwa akimtazama, akabonyeza kitufe. Mshale ukarudi sifuri.

Saa kumi alasiri binti akaja. Alimwamkia vizuri, akaizunguka injini iliyofunguliwa, kisha akauliza swali moja tu.

"Mjomba, ule mshale mwekundu umesoma ngapi?"

"Umepita elfu nane," akajibu, macho makavu.

"Haya," binti akasema, akamuaga.

Habari zikafika chuo cha udereva. Mkuu wa chuo akasema wanafunzi wanauliza kama mwalimu anayekosea gia anafaa kumfundisha mtu gia. Akamtoa binti barabarani, akamkabidhi ubao na chaki afundishe alama za trafiki. Mama wa binti ndiye aliyemsimulia kaka yake Kauli Moja hayo kwa simu, akamwomba amtie moyo mtoto, kwa kuwa humsikiliza mjomba kuliko mama yake mzazi. Alijibu kwamba atajitahidi. Alipokata simu alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu hapo chakula hakikumpanda. Kila alipopita duka la spea alivuka barabara, na gerejini wakimwita kwa jina lake la utani alihisi wanamtukana.

Siku ya tisa akajisugua mikono kwa sabuni, akavaa shati safi, akaenda chuoni. Alipanga kumwita binti pembeni wayamalize kifamilia. Lakini alipofika mlangoni alimsikia kijana mmoja wa nyuma akiuliza kama alama ile ubaoni huonekana hata ukiwa gia ya pili. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekwishazoea, akaendelea kuchora. Fundi akaingia bila hodi.

"Hakukosea gia," akawaambia. "Mimi ndiye niliyeacha springi za zamani. Mshale ulisimama elfu sita na mia nane, nikaurudisha sifuri, halafu nikamdanganya. Kosa ni langu."

Hakuna aliyecheka. Uso ulimwaka kwa aibu mpaka masikioni, na shati safi likamganda mgongoni. Akamgeukia mpwa wake akamwomba msamaha, kwamba amemwachia abebe kosa lisilo lake, naye binti hajui.

Binti akaweka chaki chini.

"Nilikuwa nimeuona mshale, mjomba. Kabla sijavua helmeti."

Fundi akapiga hatua moja kuuelekea ubao.

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilikuja nikakuuliza."

Akaokota chaki, akageukia ubao, akaanza kuchora alama inayofuata. Mjomba alibaki amesimama katikati ya madawati, hajui atoke au akae.